Waliowalisha Waliosakwa

Mhadhara kuhusu majiko ya Nyeri wakati wa Hali ya Hatari, na nyumba za Ulaya zilizowaficha Wayahudi

Uingereza ilipopambana na wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, haikupungukiwa na silaha. Ilikuwa na ndege kubwa za Lincoln zilizomwaga mabomu msituni, ndege ndogo za Harvard zilizoruka kutoka Mweiga, mizinga, magari ya deraya, na vikosi vya askari kutoka Uingereza na kutoka Afrika Mashariki yenyewe. Hata hivyo ilibidi ichimbe handaki. Lilienda maili 50 hivi ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, likiwa na kina na upana wa kumshinda mtu kuliruka, na ndani yake ikasimikwa mianzi iliyochongwa ncha. Waliolichimba ni wanakijiji, wengi wao wanawake, kwa kazi ya lazima isiyo na ujira. Na kilichozuiwa kwa jasho lote hilo ni viazi vitamu, githeri na unga wa mahindi.

Serikali ya kikoloni iliijua nguvu ya jiko la mwanamke wa Nyeri mapema kuliko wanahistoria. Vitabu vya shule vina majina ya Dedan Kimathi, Stanley Mathenge na Waruhiu Itote aliyeitwa Jenerali China. Waliowalisha hawana ukurasa. Mhadhara huu unawahusu hao, na unawaweka kando ya watu wengine wasio na vyeo: wakulima, wauza mboga na makarani wa Ulaya waliowaficha Wayahudi wakati Wanazi walipokuwa wakiwawinda nyumba kwa nyumba. Hoja yake ni moja tu. Kumficha anayesakwa ni kazi ya nyumbani, inafanywa kwa chakula, maji, blanketi na kunyamaza, na kwa sababu ni ya nyumbani imehesabiwa kidogo kuliko inavyostahili.

Hali ya Hatari ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952. Kanuni zake zikawa zinaongezwa kadiri vita vilivyoendelea. Kulisha kiapo kukawa kosa la kunyongwa. Kupatikana na bunduki, au hata risasi moja mfukoni, kukawa kosa la kunyongwa. Kuambatana na wapiganaji, vilevile. Mwanahistoria David Anderson, aliyepekua majalada ya kesi hizo, alihesabu watu 1,090 waliopandishwa kitanzini. Kimathi mwenyewe, alipohukumiwa hapa Nyeri Novemba 1956, alihukumiwa kifo kwa kupatikana na bastola moja na risasi sita.

Sheria ya namna hiyo inapoandikwa, kila nyumba iliyo karibu na msitu inakuwa mahali pa kuamua. Mtu anabisha usiku. Ni mtoto wa jirani, au mume, au mgeni kabisa mwenye nywele ndefu na nguo zinazonuka moshi. Ana njaa. Aliye ndani anajua kwamba asubuhi homugadi, yaani mgambo wa serikali, wanaweza kufika, na anajua pia kwamba akikataa, wa msituni hawatasahau. Wengi walikuwa wamekula kiapo na walitoa kwa moyo. Wengine walitoa kwa hofu. Wengine, na hili linasemwa kidogo mno, walitoa kwa sababu aliyesimama mlangoni alikuwa na njaa na chungu kilikuwa bado jikoni.

Njia zao wazee wa Mathira, Tetu na Othaya wamezisimulia kwa miaka mingi. Chakula kilikaa chini ya kiondo, kuni au majani ya ng'ombe yakawa juu. Mama alikwenda shambani na mtoto mgongoni, akarudi na mtoto na kiondo chepesi. Hakukutana na mtu. Aliacha chakula mahali palipoagizwa, chini ya mgomba fulani au kwenye tundu la mti kando ya mto, na hakungoja kumwona anayekuja kukichukua. Asiyeiona sura ya mtu hawezi kuitaja hata akipigwa. Wasichana wadogo walipewa ujumbe kwa sababu askari hawakuwatilia shaka sana, mpaka walipoanza kuwatilia.

Muthoni wa Kirima, mwenyeji wa Nyeri aliyefariki Septemba 2023, alianza hivyohivyo. Kabla ya kuingia msituni na kupanda hadi cheo cha fildimashali, alikuwa mpeleka chakula na habari. Simulizi nyingi za maisha yake huruka sehemu hiyo haraka ili zifike kwenye bunduki. Hilo ni kosa, kwa maana bila hatua ile ya kwanza hakuna msitu ambao ungedumu hata mwezi.

Katikati ya mwaka 1954 serikali ikaamua kukata mizizi. Watu waliokuwa wakiishi kila mtu katika mgunda wake, nyumba hapa na nyumba kule kwenye matuta, waliamriwa kubomoa na kuhamia katika vijiji vya pamoja. Waliochelewa walichomewa nyumba. Kufikia mwisho wa 1955, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamefungiwa katika vijiji zaidi ya 800. Kijiji kilizungushiwa handaki na seng'enge, kikawa na lango moja na mnara wa homugadi. Amri ya kutotoka nje ilishika karibu kutwa nzima, ikalegezwa kwa saa chache tu ili watu wakimbilie mashambani chini ya ulinzi. Kati ya msitu na mashamba ukaachwa ukanda wa maili moja ambamo yeyote aliyeonekana angeweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina. Ndani ya vijiji hivyo watoto walidhoofika kwa njaa, na wengi walikufa. Ndiyo bei ambayo mkoa mzima ulilipishwa kwa sababu ya viondo.

Mpango huo ulifanya ulichokusudiwa. Msitu ulianza kufa njaa. Wapiganaji walioponea mabomu wakawa wanategemea asali na wanyama, wakaja kuiba mazao usiku katika mashamba ya watu waliokuwa wakiwapa kwa hiari mwaka mmoja uliopita. Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa alfajiri ya 21 Oktoba 1956 upande wa Tetu, akiwa amebaki na watu wachache sana, karibu na handaki, mahali ambapo miaka mitatu nyuma angekuta chakula kimeshawekwa.

Zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo, mji wa Amsterdam uliishi habari inayofanana na hii kwa karibu. Kuanzia Julai 1942 Wayahudi wanane, akiwemo msichana Anne Frank, walijificha katika vyumba vya nyuma vya ofisi moja. Dunia nzima inamjua Anne kwa shajara yake. Wanaofahamu jinsi watu wanane walivyokula kwa zaidi ya miaka miwili katika mji wa chakula cha kupimiwa ni wachache zaidi. Miep Gies, karani wa ofisi hiyo, ndiye aliyebeba mzigo mkubwa wa kazi hiyo pamoja na wenzake wachache. Mume wake, Jan, alipata kuponi za chakula kupitia watu wa upinzani. Miep alizunguka madukani, akagawa ununuzi wake ili asionekane ananunua vya watu wengi, akapanda ngazi na mfuko kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Karibu na ofisi palikuwa na muuza mboga, Hendrik van Hoeve. Aliona kwamba mwanamke huyu hununua mboga kupita mahitaji ya mke na mume. Hakuuliza. Alianza kumwekea pembeni. Hakuwa ameambiwa lolote; alikisia, akanyamaza, na kila siku akapima kidogo zaidi. Mei 1944 alikamatwa, kwa sababu naye alikuwa amewaficha Wayahudi wawili nyumbani kwake, na siku hiyohiyo mgao wa kule juu ukapungua. Agosti 4 wale wanane wakakamatwa. Baba yake Anne, Otto, peke yake ndiye aliyerudi hai kutoka kambini. Miep aliishi hadi Januari 2010, akafa akiwa na miaka 100, na maisha yake yote alikataa kuitwa shujaa.

Mwanamke wa Karatina wa mwaka 1953 angemwelewa van Hoeve bila mkalimani.

Adhabu za kuwaficha Wayahudi nazo zilikuwa nzito. Nchini Poland, amri ya Wajerumani ya Oktoba 1941 ilitangaza kifo kwa Myahudi aliyetoka katika mtaa aliofungiwa na kwa yeyote aliyempa hifadhi. Katika kijiji cha Markowa, kusini mashariki mwa nchi hiyo, aliishi mkulima Józef Ulma, mtu wa miti ya matunda, nyuki na kamera, pamoja na mkewe Wiktoria na watoto wao sita. Waliwaficha Wayahudi wanane katika nyumba ndogo ya mbao. Mtu akawachongea. Usiku wa kuamkia 24 Machi 1944 askari wa Kijerumani walifika, wakawaua Wayahudi wote wanane, wakamuua Józef na Wiktoria aliyekuwa mja mzito, kisha wakawaua watoto mmoja baada ya mwingine. Wanakijiji waliamriwa kuzika maiti. Kilichofuata ndicho cha kushangaza zaidi: katika nyumba nyingine za Markowa hiyohiyo walikuwemo Wayahudi wengine mafichoni, na takriban 20 kati yao walikaa humo hadi vita vikaisha. Wenyeji wao walikuwa wameiona familia ya Ulma ikizikwa, na hawakuwafukuza wageni. Septemba 2023 Kanisa Katoliki liliitangaza familia hiyo nzima kuwa wenye heri. Waumini wa Nyeri, waliokusanyika kwa maelfu mwaka 2015 mjini mwao kwa ajili ya Sista Irene Stefani, wanajua uzito wa tangazo la namna hiyo.

Hapa inafaa kusimama na kusema wazi kwamba mambo haya mawili hayalingani. Wanazi waliua Wayahudi milioni sita kwa nia ya kuwamaliza wote, na mtoto mchanga wa Warsaw hakuwa na kosa wala silaha wala upande. Mau Mau walikuwa jeshi la msituni lililopigania ardhi na uhuru, na baadhi ya waliokula katika vile viondo walikuwa na damu mikononi, ikiwemo damu ya majirani. Yaliyotokea Lari usiku wa 26 Machi 1953, watu wa kila umri walipouawa na nyumba zao kuchomwa, hayawezi kusafishwa na haki ya madai ya ardhi. Wala ulipizaji uliofuata usiku huohuo mikononi mwa homugadi na askari hauwezi kusafishwa na jina la serikali. Kumlisha mpiganaji na kumficha mtoto wa Kiyahudi ni vitendo vyenye uzito tofauti, na anayevichanganya anawakosea waliokufa wa pande zote.

Lakini aliyekuwa jikoni mara nyingi hakupewa nafasi ya kupima hayo. Na waliosakwa katika mteremko huu wa mlima hawakuwa wapiganaji peke yao. Tangu mwisho wa 1952, makumi ya maelfu ya Wagikuyu walifukuzwa kutoka mashamba ya walowezi Bonde la Ufa, wakapakiwa kwenye malori na magari ya moshi na kutupwa katika maeneo ambayo wengine hawakuwahi kuyaona, kwa kuwa walizaliwa hukohuko mashambani. Walifika Nyeri, Murang'a na Kiambu wakiwa na mabunda na watoto. Ardhi haikuwapo ya kutosha hata kwa waliokuwapo. Walipokewa na shangazi, na wajomba, na watu wa mbari zao, wakalala kumi katika chumba cha watu wanne. Aprili 1954, Nairobi ilipofagiliwa katika operesheni ya Anvil na zaidi ya watu 20,000 kutiwa vizuizini, walioponyoka walihitaji pa kulala, na mwenyeji aliyempokea mtu asiye na karatasi alijua anachohatarisha. Kulikuwa pia na Wakristo walioukataa kiapo, wakasakwa kutoka upande wa pili, na walifichwa na ndugu wa kanisa. Orodha ya wafichaji itakayowaacha hao nje haitakuwa ya kweli.

Ng'ambo ya Nyandarua, upande wa Ol Joro Orok, Wayahudi wenyewe walikuwa wamefika mapema kuliko haya yote. Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Évian, Ufaransa, kuzungumzia wakimbizi wa Kiyahudi, na karibu kila nchi ikaeleza kwa upole kwa nini haina nafasi. Kenya ilipokea mamia kadhaa tu, huku walowezi wengi wakipinga. Miongoni mwao alikuwemo wakili Walter Zweig, aliyegeuka kuwa msimamizi wa shamba, na binti yake Stefanie, ambaye mwaka 1995 alichapisha kitabu kilichokuja kuwa filamu, na filamu hiyo ikashinda tuzo ya Oscar mwaka 2003. Mtu anayekaa moyoni mwa kumbukumbu zake ni mpishi wao, Owuor, Mjaluo aliyemfundisha msichana huyo kuishi katika nchi mpya.

Owuor hakuwa na mamlaka ya kumpa mtu kibali cha kuingia Kenya. Hakuwa hata na haki ya kumiliki shamba katika nyanda zile, zilizotengwa kwa Wazungu peke yao. Vita vilipoanza Septemba 1939, serikali iliyowapa Wazweig hifadhi iliwaweka kizuizini kama raia wa nchi adui, kwa kuwa walitoka Ujerumani. Mpishi hakuwa na orodha ya maadui. Mtu ambaye sheria ya nchi ilimnyima ardhi ndiye aliyewafanya wageni wajione wako nyumbani, na jambo hilo linawahukumu waliokuwa na ardhi na mamlaka siku zile, Nairobi na Évian.

Swali linaloulizwa kila mara ni hili: mtu wa namna gani hufungua mlango? Samuel Oliner alikuwa na sababu ya kulichunguza. Mwaka 1942, akiwa mvulana wa miaka 12 nchini Poland, aliponea kidogo tu risasi zilizowamaliza watu wake, akamkimbilia mkulima mmoja, Balwina Piecuch, aliyemlisha, akamfundisha sala za Kikatoliki na kumpa jina jipya. Alipokuwa profesa Marekani, yeye na mkewe Pearl waliongoza utafiti uliowahoji waokoaji zaidi ya 400, wakauchapisha mwaka 1988. Waligundua kwamba wengi wao hawakuondoka nyumbani kwenda kutafuta mtu wa kuokoa. Waliombwa. Mtu alisimama mbele yao akaomba, au rafiki akaomba kwa niaba yake, na wao hawakuweza kusema hapana. Wengi walikuwa wamelelewa katika nyumba ambamo kumjali mgeni ni jambo la kila siku, lisilohitaji hotuba.

Matokeo hayo yanashtua kuliko yanavyoonekana. Yana maana kwamba wengi zaidi wangeweza kufanya hivyo wangeombwa, na kwamba wengine waliombwa wakafunga mlango.

Dini na rangi hazikuamua. Katika uwanda wa juu wa Le Chambon-sur-Lignon nchini Ufaransa, mahali pa baridi kali na mashamba madogo, Waprotestanti waliokumbuka mateso ya mababu zao waliwapokea maelfu ya wakimbizi, wengi wao Wayahudi, wakiongozwa na mchungaji André Trocmé na mkewe Magda. Nchini Albania, familia za Kiislamu ziliwavisha Wayahudi nguo za kijijini na kuwakalisha mezani. Na Berlin, chini ya pua ya Wanazi, Mwafrika mmoja alifanya kazi hiyohiyo. Mohamed Helmy, Mmisri aliyezaliwa Khartoum mwaka 1901, alikuwa daktari. Alifukuzwa hospitali kwa ajili ya rangi yake, akatiwa kizuizini vita vilipoanza, akaachiliwa. Baada ya hayo yote alimficha msichana wa Kiyahudi, Anna Boros, hadi vita vikaisha, na kuisaidia familia yake pamoja na rafiki yao Frieda Szturmann. Mtu ambaye tayari yuko kwenye daftari la polisi ana kila sababu ya kukaa kimya. Helmy alikufa mwaka 1982, na ilipita miaka 31 kabla jina lake kuwekwa hadharani.

Afrika Mashariki ina majina yake, na ya karibu. Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, mjane mzee wa Ruhango, Zura Karuhimbi, alificha watu zaidi ya 100 katika nyumba yake ndogo. Silaha yake ilikuwa sifa yake ya uganga: aliwatisha wauaji kwa mizimu, na waliogopa kuvuka kizingiti. Huko Gisenyi, Félicité Niyitegeka aliwahifadhi Watutsi katika kituo cha kanisa na kuwasaidia kuvuka kwenda Kongo. Alikuwa Mhutu, na kaka yake, ofisa wa jeshi, alimsihi aondoke ajiokoe. Alikataa, akauawa pamoja nao Aprili 1994. Rwanda imemweka kati ya mashujaa wake wa taifa.

Na Kenya, Desemba 21 mwaka 2015, al-Shabaab walisimamisha basi karibu na El Wak, Mandera, wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikuwa wameshawapa wanawake Wakristo mitandio yao, wakakataa kutengana. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafa Januari iliyofuata. Mwaka mmoja kabla, katika barabara za kaunti hiyohiyo, watu 28 walikuwa wametolewa kwenye basi na kuuawa, wakiwemo walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo ya Krismasi. Familia za Mlima Kenya zenye watoto wanaofundisha kaskazini hazihitaji kuelezwa maana ya kitendo cha Farah.

Nairobi, katika Uhuru Park, iko sanamu iliyozinduliwa tarehe 12 Septemba 2015 kuwakumbuka walioteswa na serikali ya kikoloni. Aliyeifinyanga ni Kevin Oduor. Inamwonyesha mpiganaji mwenye nywele za kusokota na mwanamke anayempa chakula. Anayeitazama kwa haraka anaweza kupitwa na jambo moja: wawili hao hawatazamani. Mkono unatoa, mkono unapokea, na nyuso zimeelekea pengine, ili mmoja akikamatwa asiweze kumtambua mwenzake. Kati ya sanamu zote za uhuru nchini Kenya, hii ndiyo inayosema ukweli mwingi zaidi kuhusu jinsi vita vile vilivyobebwa.

Sanamu hiyo ilitokana na kesi. Mwaka 2009 wazee kadhaa waliishtaki serikali ya Uingereza jijini London. Mmoja wao alikuwa Jane Muthoni Mara. Mwaka 1954, akiwa msichana wa miaka 15 hivi, alikamatwa akishukiwa kuwapelekea chakula wapiganaji, akateswa kikatili katika kambi ya Gatithi. Julai 2012 aliyaeleza mateso hayo mbele ya jaji, mbele ya watu wasiomjua, katika mji ambako amri zilitoka. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri William Hague alitangaza bungeni kwamba Uingereza inasikitika, na kwamba itatoa jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa madai ya watu 5,228. Ilichukua karibu miaka 60 tangu chakula kile kipelekwe.

Kwa nini kimya kilidumu hivyo? Sababu moja iko kwenye sheria. Marufuku dhidi ya Mau Mau, iliyowekwa na wakoloni, iliendelea kusimama katika vitabu vya Kenya huru hadi Agosti 2003, serikali ya Mwai Kibaki, mtu wa Othaya, ilipoiondoa. Kwa miaka 40 baada ya bendera kupandishwa, mama aliyetaka kusema alimlisha nani alikuwa anakiri kukisaidia chama haramu. Sababu nyingine iko kijijini. Aliyelisha na aliyevaa gunia la kuficha uso ili achongee waliendelea kuwa majirani, wakachota maji mto mmoja, watoto wao wakaoana. Wakati wa kuunganisha mashamba, tangu katikati ya miaka ya 1950, wengi waliokuwa vizuizini walikuta vipande vyao vimekwenda kwa wengine. Kusema kulikuwa na gharama, na kunyamaza kulilinda harusi za wajukuu.

Wayahudi walionusurika hawakuliacha jambo hili kwa bahati. Tangu 1963, taasisi ya Yad Vashem iliyoko Jerusalem imekuwa ikichunguza majina ya wasio Wayahudi waliowaokoa. Inatafuta ushahidi, hasa wa waliookolewa. Inauliza kama mwokoaji alijihatarisha, na kama alitaka malipo. Sasa ina majina zaidi ya 28,000, na ya Ulma, Trocmé na Helmy yamo. Nyeri, yenye mnara wa kuwakumbuka waliokufa wakipigania uhuru na chuo kikuu chenye jina la Kimathi, haina daftari hata moja la namna hiyo.

Daftari hilo linawezekana, na masharti yake hayahitaji kubuniwa upya: aliyefichwa ni nani, alisakwa na nani, mwenyeji alihatarisha nini, nani anashuhudia. Litakalofunguliwa hapa lipokee pande zote mbili. Mama aliyempelekea chakula mwanawe msituni aandikwe, na aliyemficha mtoto wa homugadi usiku nyumba ya jirani ilipochomwa aandikwe ukurasa uleule. Wasioandikwa ni waliowauza watu waliokuwa wamewahifadhi.

Lakini muda ni mfupi. Msichana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1954 alizaliwa 1939. Leo ameshapita miaka 85. Kila mwezi makanisa ya Mathira, Tetu, Mukurweini, Othaya na Kieni yanawazika watu waliovuka kanuni zile wakiwa na kiondo begani. Kwa hiyo ombi la mhadhara huu ni jepesi kulitekeleza. Mwenye cucu, yaani bibi, aliye hai amkalie karibu mwisho wa wiki hii, amwulize alipeleka chakula wapi na kwa nani, aandike jina, kijiji na mwaka, arekodi sauti yake kwa simu. Walimu wa historia wawape wanafunzi kazi hiyo likizo ijayo. Na Makumbusho ya Nyeri, yaliyoko Ruring'u katika jengo lililokuwa mahakama ya wenyeji enzi za ukoloni, yafungue rafu moja ya kupokea nakala.